Mazungumzo na wamama: maumivu ya kansere na sindano ya mugongo

Ninyi wenye watoto mugongoni, na wewe mwenye tumbo kubwa uliyesimama pale mulangoni, ingieni mukae, nafasi iko. Wakati tunangojea zamu ya kupima watoto, nataka tuzungumze juu ya jambo lisilo la watoto. Ni la mama zetu, la mama wakwe, na la dada zetu wakubwa. Ni maumivu ya kansere, wakati ugonjwa umekwisha kuenea mwilini na wanganga hawana tena njia ya kuuponya.

Juu ya nini tuzungumze hayo kwenye kliniki ya wamama? Kwa sababu ninyi ndio munaowatunza. Bwana anakwenda kazi, watoto wanakwenda masomo, na mugonjwa anabaki na nani? Anabaki na wewe.

Siku moja mama mumoja alikuja hapa na mutoto wa miezi saba. Mutoto alikuwa muzima, uzito wake muzuri, lakini mama mwenyewe alikuwa anasinzia juu ya benchi. Nikamuuliza: "Mama, mutoto anakunyima usingizi?" Akajibu: "Apana mama, haiko mutoto. Ni mama mukwe. Analia mpaka asubui."

Nikamufuata nyumbani kwao, Katuba. Ingeweza kuwa Kenya, ao Ruashi, ao Kampemba, nyumba za namna hii ziko kila mahali. Nikamukuta kambo amelala upande mumoja juu ya mukeka, miguu imepindwa, na kikwembe ndani ya mudomo. Alikuwa anakiuma kusudi wajukuu wasisikie. Alikuwa na kansere ya mulango wa kizazi. Nikamusalimu, nikamuuliza anaumwa kiasi gani. Alinitazama tu, hakujibu. Bibi wa nyumba ndiye aliyesema: "Hapendi kusema. Anasema akilia sana tutaenda kukopa feza ya hospitali, na feza haiko."

Mahali walipokwenda mbele waliambiwa: "Mumurudishe kwenu, hakuna tena dawa." Wakamurudisha. Wakanunua paracetamol sokoni, wakamupa kimoja akilia, kingine akilia tena.

Wamama, sikilizeni vizuri. Dawa ya kuondoa kansere haikuwako tena, hiyo ni kweli. Dawa ya kuondoa maumivu ilikuwako. Hayo ni mambo mawili, na mutu akikuambia "hakuna tena dawa," umuulize: "Dawa gani, munganga? Ya kuponya ao ya maumivu?"

Kwanza tujue maumivu yale yanatoka wapi. Kansere inakua kama mutu anayejenga nyumba bila kuuliza jirani. Ile ya mulango wa kizazi inasukuma mifupa ya kiuno na kufinya mishipa ya fahamu inayokwenda kwenye mugongo na miguu. Ndiyo maana mugonjwa anasema: "Mguu wangu unawaka moto," na ukitazama mguu, hauna kidonda. Hasemi uongo. (Na hapa niweke neno pembeni: mama yeyote anayetoka damu kisha kulala na bwana, ao anayetoka damu tena miaka kisha kuacha kwenda mwezini, asingojee maumivu. Maumivu yanakuja nyuma. Aje tumutazame mapema, wakati kansere ile bado inaweza kutibiwa.)

Sasa dawa. Mwaka wa 1986 Shirika la Afya la Ulimwengu, tunaloliita OMS, lilitoa kitabu kidogo kilichofundisha wanganga wa inchi zote namna ya kutuliza maumivu ya kansere. Walifananisha dawa na ngazi ya hatua tatu. Chini kuna paracetamol na ndugu zake. Katikati kuna kodeini ao tramadoli. Juu kuna morfini. Wanganga waliofuata njia hiyo waliona kama kwa wagonjwa 10, 7 hata 9 walipata kitulizo kizuri. Siku hizi hawalazimiki kupanda hatua moja moja. Mugonjwa mwenye maumivu makali sana wanaweza kumuanzisha na morfini mara moja.

Lakini neno kubwa la kitabu kile, kwa maoni yangu, ni saa. Dawa inatolewa kwa saa, haingojei kilio. Ile morfini ya maji inafanya kazi karibu masaa 4, basi mugonjwa anakunywa alfajiri, katikati ya asubui, muchana, jioni, na wakati wa kulala. Kipimo cha kulala munganga anaweza kukiongeza mara mbili, kusudi nyumba yote ipate usingizi. Ukingoja mpaka alie, maumivu yamekwisha kupanda mlima, na dawa itachoka kuyafuata. Ni sawa na jiko la makala: ukiongeza makala kabla moto haujakufa, chungu kinaendelea. Ukiacha uzimike, unaanza tena kupuliza.

Najua neno morfini linaogopesha. Nalisikia kila mara: "Ile ni dawa ya kufa." "Akianza ile, hafiki mwisho wa juma." Watu wanasema hivyo kwa sababu zamani dawa ilitolewa siku ya mwisho tu, na mugonjwa akafa kesho yake, wakaona dawa ndiyo imemuua. Kansere ndiyo iliyomuua. Morfini ikianzishwa kidogo na kupandishwa pole pole na mwenye kuijua, mugonjwa anaweza kuinywa miezi mingi, anakula, anazungumza, anakwenda kusali. Siku mbili tatu za kwanza anasinzia, pengine anasikia kichefuchefu. Hiyo inapita. Kufunga choo ndiko hakupiti, basi munganga anamupa pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, na ninyi mumupe maji na papai. Wengine wanauliza kama atakuwa mutumwa wa dawa. Mwili unaizoea, ndiyo, na kwa sababu hiyo hatuikati siku moja. Lakini mutu anayekunywa morfini kwa maumivu ya kansere hafanani na kijana anayetafuta dawa sokoni ili alewe.

Wengine tena wanasema mateso yametoka kwa Mungu, mutu ayavumilie. Mimi nawauliza: siku ulipozaa, ulikataa mukono wa mama aliyekusugua mugongo?

Jirani zetu wa Uganda wametangulia, na ni vizuri mujue. Mwaka wa 1993 munganga mwanamuke aliyezaliwa Liverpool, Uingereza, jina lake Anne Merriman, alianzisha huko Kampala kazi ya Hospice Africa Uganda. Walichukua unga wa morfini, wakauchanganya na maji, wakatia katika chupa za plastiki, na wagonjwa wakanywa nyumbani mwao, katika mitaa na vijijini. Haikuhitaji mashini wala kitanda cha hospitali. Mwaka wa 2004 sheria ya Uganda ikaruhusu hata wauguzi waliofundishwa kazi hiyo waandike morfini, kwa sababu vijiji vingi havina munganga mukubwa. Kwetu Kongo pia kazi imeanza: huko Kinshasa kuna shirika Pallia Familli linalofundisha namna ya kutunza wagonjwa wasioweza kupona. Morfini yenyewe inalindwa na sheria, inaandikwa na munganga. Usiitafute kwa mutu wa barabarani, na usikubali akudungie mugonjwa wako vitu asivyovijua jina.

Na chupa ile ikiingia nyumbani, mama, nakuomba kwa nguvu: iwekwe juu, ndani ya sanduku lenye kufuli. Kipimo kinachomupa kambo usingizi kinaweza kuzuia pumzi ya mutoto wa miaka miwili. Watoto wanapenda maji yenye rangi. Tena usimupe mutu mwingine, hata kama bwana wako anaumwa mugongo namna gani. Kambo akikwisha kuondoka duniani, dawa iliyobaki inarudishwa hospitalini.

Kwa yule kambo wa Katuba tulianza hivyo, na munganga akakubali. Kisha siku ine alilala usiku muzima. Bibi wa nyumba alikuja kuniambia, naye alikuwa amelala pia, ilionekana kwa macho yake. Kikwembe kilifuliwa, kikaanikwa.

Kwa wengi hadisi inakwisha pale: morfini ya kunywa inatosha mpaka mwisho. Lakini kisha miezi miwili kansere ya kambo ilishuka zaidi ndani ya mishipa ya kiuno. Tukapandisha dawa. Maumivu yakabaki, na sasa akawa anasinzia muchana kutwa, chakula kinabaki mudomoni, hatambui wajukuu. Tukipunguza, analia. Tukiongeza, anapotea. Kwa watu wa namna hii, wachache, kuna njia ingine, na ndiyo niliyotaka kuwaeleza leo. Inaitwa peridurali.

Wengi wenu munaijua sindano ya mugongo. Mama aliyezaa kwa kupasuliwa, ile sezariene, anakumbuka: walikukalisha, ukapinda mugongo kama paka, wakakudunga katikati ya mifupa ya kiuno, miguu ikawa mizito, na ukamusikia mutoto akilia ukiwa macho. Mara nyingi sindano ile inaingia mpaka ndani ya maji yanayozunguka uti wa mugongo. Inafanya kazi masaa machache, basi. Peridurali ni jamaa yake, lakini inasimama mahali pengine.

Fikirini waya kubwa ya umeme. Ndani kuna mukuba, inje kuna ngozi ya plastiki. Uti wa mugongo ni sawa na waya ile: habari ya maumivu inatoka kiunoni na miguuni, inapita ndani yake, inapanda mpaka kichwani. Nao una ngozi yake. Sasa munganga wa peridurali hatoboi ngozi ile. Anafika inje yake tu, kwenye nafasi ndogo yenye mafuta, kati ya ngozi na mufupa. Anapitisha mupira mwembamba, karibu kama uzi munene wa kushonea, kisha anatoa sindano na mupira unabaki. Kupitia mupira ule anatia dawa kidogo kidogo, na dawa inapenya ngozi mpaka kwenye waya.

Juu ya nini tupite mugongoni? Kwa sababu morfini ya kunywa inazunguka mwili wote, tumbo, kichwa, kila mahali, na sehemu ndogo tu inafika pale panapohitaji. Mugongoni inawekwa karibu kabisa na mulango wa maumivu. Ndiyo maana wanganga wanahesabu kama kipimo 1 cha peridurali kinafanya kazi ya vipimo 30 hivi vya kunywa. Dawa ikiwa kidogo namna ile, kichwa kinaweza kuamka tena. Mara nyingi wanachanganya na dawa ya ganzi, ili kutuliza mishipa inayowaka.

Si jambo la juzi. Munganga wa jeshi la Hispania, Fidel Pagés, aliandika juu ya kutia ganzi katika nafasi hiyo mwaka wa 1921, kwa ajili ya kupasua wagonjwa. Mwaka wa 1979 wanganga wa Yerusalemu waliandika kama wametia morfini kidogo mahali pale pale, na watu wenye maumivu makali wakapata kitulizo kwa masaa mengi. Tangu wakati ule njia hii inajulikana ulimwenguni pote.

Lakini sitawadanganya: si kila hospitali inaweza kuifanya, na si kila mugonjwa anaweza kuwekewa. Inahitaji munganga wa kulalisha wagonjwa, chumba safi kama cha kupasulia, na watu wa kulinda usiku. Siku ya kwanza mugonjwa anabaki hospitalini, kwa sababu morfini ya mugongoni inaweza kupunguza pumzi hata kisha masaa mengi, na lazima mutu ahesabu pumzi zake. Mwenye kidonda kibaya mugongoni, ao mwenye damu isiyoganda, ao mwenye maambukizo ndani ya damu, hawekewi. Naye mugonjwa mwenyewe akikataa, hawekewi. Munganga atawauliza pia nani atautunza mupira nyumbani. Ni swali la haki. Pengine jibu ni wewe.

Wamama wananiuliza mambo matatu juu ya sindano hii, karibu kila mara yale yale.

"Haitamulemaza?" Miguu inaweza kuwa mizito wakati dawa ya ganzi ni nyingi, na wanapoipunguza inarudi. Kulemaa kabisa ni jambo la nadra, na linatokea hasa kama damu ao usaha umejikusanya mahali pale na watu wamechelewa kuona. Kwa hiyo kulinda ni kazi kubwa, nitaisema sasa hivi.

"Inauma?" Wanatia ganzi katika ngozi mbele. Anasikia kusukumwa. Kinachosumbua zaidi ni kukaa amepinda, kwa mutu ambaye tayari anaumwa kiuno, basi mumushike mabega na mumuzungumzie.

"Akiisha kuwekewa, anapona?" Hapana. Kansere inaendelea na njia yake. Usimufiche mugonjwa jambo hili wala usijifiche mwenyewe.

Kulinda ni hivi. Mupira ukikaa siku nyingi, munganga anaupitisha chini ya ngozi mpaka ubavuni, kusudi wadudu wa ugonjwa wasifuate njia fupi ya mugongo. Pale unapotokea panafunikwa, na bandeji haifunguliwi inyumbani kwa kuona tu "kuko namna gani." Mikono inaoshwa na sabuni. Hakuna mutu anayetia kitu ndani ya mupira isipokuwa aliyefundishwa, na kitu kile ni dawa iliyoandikwa, hakuna ingine. Kila siku umutazame: ana homa? Mugongo unauma upya, ao umekuwa mwekundu, ao unatoa maji? Miguu imekuwa zaifu kuliko jana? Anashindwa kutoa mukojo? Kimoja cha hivi kikionekana, mupeleke hospitalini siku ile ile, hata kama ni siku ya Mungu, hata kama mvua inanyesha. Na akiwa na usingizi muzito usioweza kumuamsha, pumzi zikiwa chache na za mbali mbali, hiyo haingojei hata dakika. Kujikuna ngozi bila kipele, hiyo ni morfini inafanya, haina hatari, lakini useme.

Kambo alipelekwa. Wajomba wawili walibishana feza usiku muzima, na mwisho mumoja aliuza kinga yake, sitasahau. Munganga alimuwekea mupira. Siku ya tatu alimuita mujukuu kwa jina. Morfini ya kunywa tuliipunguza pole pole, usingizi wa muchana ukaondoka. Nilipomutembelea nyumbani alikuwa amekaa, mugongo juu ya ukuta na mito miwili, bakuli ya sombe katikati ya miguu, anachambua majani na kumugombeza mukwe kwamba ameacha mabua magumu. Mukwe alikuwa anacheka na kulia pamoja.

Aliishi majuma sita tena. Alitumia siku zile kusema mashamba ya Kasenga yawe ya nani, na kumusameha dada yake waliyenyamaziana tangu zamani. Kisha akafa, usiku, amelala. Mukwe ndiye aliyekuja kutuambia, na alirudisha chupa.

Kama nyumbani kwako kuna mutu wa namna hii, nakupa kazi. Chukua kitabu cha masomo cha mutoto, ukurasa mumoja unatosha. Usiku wa leo umuulize: maumivu yako wapi, yanaanza wapi na kwenda wapi? Kama 0 ni hakuna kabisa, na 10 ni yale yasiyovumilika, leo ni ngapi? Mwenye kutojua hesabu aonyeshe kwa vidole vya mikono. Andika namba, andika dawa aliyokunywa na wakati gani, andika kama alilala. Fanya siku tatu. Kisha ulete kitabu kile hapa, hata kama mugonjwa hawezi kuja. Munganga akikuona na namba mukononi, hatakuambia kwa upesi "mumurudishe." Na akikuambia, umuulize lile swali: dawa gani haiko, ya kuponya ao ya maumivu? Omba akuandikie barua ya kwenda mahali penye morfini, na kama morfini imeshindwa, mahali penye munganga wa kulalisha.

Mugonjwa akikataa kusema, kama kambo, usimuulize mbele ya watoto wala mbele ya bwana. Umuulize wakati wa kumuoga. Pale wamama wanasema.

Haya, mizani iko tayari. Mama wa kwanza, mutoe mutoto nguo, umulete.